Safari Iko Palepale

Shangazi yake Fundi, mpenzi wangu, alinipokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Alinishika mkono tangu mlangoni, akanikalisha kwenye kochi la karibu na dirisha, akaniwekea mto mgongoni kama mtu aliyetoka hospitali. Chai ikaja. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Njia nzima nilikuwa nikikariri majibu kama mwanafunzi anayekwenda kuhojiwa na jopo la maprofesa, kumbe mtihani wenyewe ni kunywa chai.

"Kwa hiyo wewe ndiye Mwanga," alisema, akinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Huyu mwanangu tangu akujue hana neno jingine. Mwanga hivi, Mwanga vile. Nikamuuliza, baba, huyo ni mwanga wa taa au ni wale wanaoruka na ungo?"

Sikutarajia kucheka siku ile, lakini nilicheka. Jina hilo alinipa Fundi kwa sababu ndicho ninachosomea: mwanga, namna unavyopenya vitu, namna unavyonaswa, namna unavyogeuzwa umeme.

"Ni wa taa, Shangazi. Ungo sina hata wa kupepetea."

"Basi tutakununulia," alisema, na cheko lake likajaa chumba.

Huyu Shangazi ndiye aliyewalea Fundi na kaka yake tangu mama yao alipofariki, na nyumbani pale neno lake halikuanguka chini. Baba yao, Mzee mwenye duka la vioo, alikaa kwenye kiti chake cha mbao, mikono yenye makovu madogo madogo ya kazi imetulia juu ya magoti. Kaka mkubwa alikaa karibu na mlango, kimya, kikombe mkononi. Na Fundi wangu alikuwa mbele yangu kabisa, ila tangu niingie hakuwa amenitazama machoni.

Hilo lilinitia wasiwasi, maana macho ndiyo yaliyotukutanisha. Mwaka mmoja nyuma, maabara yetu iliishiwa vile vipande vya kioo tunavyotandia sampuli, na vilivyoagizwa vilikuwa vimekwama forodhani. Msimamizi wangu akaniambia nitafute fundi wa kunikatia. Niliingia dukani kwao nikaomba vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Wengine waliona ni mzaha. Yeye aliniuliza, "Ni vya kazi gani?" kisha akanitazama, akangoja. Watu wengi huniuliza ninasoma nini kama wanavyouliza habari za nyumbani, hawangoji jibu. Yeye alingoja. Nilimweleza habari za seli za jua na utando mwembamba kuliko unywele mpaka jirani zake wote wakawa wameshafunga maduka yao, naye bado ameegemea meza, ananitazama.

Sasa alikuwa anatazama zulia.

"Mwanangu, nataka nikupongeze," Shangazi alisema.

"Kwa lipi, Shangazi?"

"Kwa uamuzi wako. Si wasichana wengi wangeweza. Mtu umeshapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, tiketi iko mlangoni, halafu unasema hapana, nyumba kwanza. Mzee aliposikia alisema, huyu ana akili mbili, ya darasani na ya maisha. Si ulisema, Mzee?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali.

Niliweka kikombe mezani taratibu. Nilimtazama Fundi. Hakuinua uso.

Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayewasha taa kwenye chumba alichokuwa akipapasa. Kaka mkubwa alikuwa na mke. Mke yule alikwenda ng'ambo kusoma, akaaga vizuri, akasindikizwa vizuri. Mwanzoni alipiga simu kila siku. Simu zikapungua. Kisha zikaisha. Mtoto wao wa kike analelewa na Shangazi, na kila anayeingia nyumba ile anajua kwamba jina la mama yake halitajwi. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tukiwa bado tunaonana kwa kisingizio cha vioo.

Na miezi michache iliyopita, nami nilimletea habari kwamba nimekubaliwa kwenda kufanya vipimo vyangu vya uzamivu kwenye chuo cha ng'ambo, mwaka mzima. Alinikumbatia siku ile. Alisema, "Niachie mimi wa nyumbani." Nilimwachia. Kumbe alikuwa amewapelekea mtu mwingine mwenye jina langu.

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli, kimya kingenipa mume jioni ile ile. Ningetabasamu, ningeinamisha kichwa, Shangazi angepiga vigelegele. Lakini nilijiuliza, huyo atakayeolewa ni nani?

"Shangazi," nilisema, "nashukuru kwa chai, na kwa maneno mazuri uliyonipa. Lakini sijaacha masomo. Safari iko palepale. Naondoka mvua zikiisha."

Cheko la Shangazi lilibaki usoni kwa muda, kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, kisha likaondoka.

Mzee ndiye aliyesema, bila kupandisha sauti. "Basi humu ndani kuna mtu ametudanganya."

"Si mimi, Baba."

"Najua si wewe," alijibu, na macho yake yakamwendea mwanawe mdogo.

Kaka mkubwa alisimama, akatoka. Alifunga mlango polepole sana. Afadhali angeubamiza.

*

Fundi alinikuta karakana, nyuma ya nyumba, nikitafuta njia ya kutokea bila kupita tena sebuleni. Vioo vikubwa vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na tulipokuwa tukisogea tulijiona humo, mimi na yeye, mara wengi, mara nusu nusu.

"Nisikilize," alisema.

"Nakusikiliza. Nina hamu kubwa ya kusikia."

"Nilitaka wakupende kwanza. Wakishakupenda, ningewaambia. Ulimwona Baba alivyotulia? Sijamwona hivyo tangu mambo ya Kaka. Ningewaambia taratibu."

"Wampende nani? Huyo uliyewaelezea mimi simjui. Mpole, ameacha masomo, anangoja ungo wa Shangazi. Huyo mpe hiyo posa."

"Usinifanyie mzaha, Mwanga."

"Si mzaha. Nimekaa pale nikapongezwa kwa jambo nisilolifanya. Ningenyamaza ningekuwa mwongo mwenzako. Niliposema, nimekuwa mvunja nyumba. Umeniachia njia gani?"

Alishika ukingo wa meza ya kukatia. Mikono yake mizuri, mikono ninayoipenda, ilikuwa haijui pa kwenda.

"Huwezi kuahirisha?" aliuliza. "Mwaka mmoja tu. Tuoane, watulie, mwakani uende."

"Mashine ile ya vipimo hainingojei mimi peke yangu. Kuna foleni ya watu kutoka nchi ngapi sijui. Nikitoka kwenye foleni, nimetoka. Na hata ingekuwa inangoja, mwakani ungewaambia nini? Ungewaambia naenda sokoni?"

Alianza kupanga vikata kioo mezani, kimoja kimoja.

"Nikuulize kitu," nilisema. "Unaniogopea safari au unaogopa nisirudi?"

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Shangazi akikusanya vikombe, vikigongana kuliko inavyohitajika.

"Naogopa usirudi," alisema mwisho. "Nilimwona Kaka. Alikuwa anapiga simu haipokelewi, anaiweka, anachukua tena. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Sitaki kuwa yeye."

Moyo uliniambia nimshike. Miguu ikakataa, na siku ile niliisikiliza miguu.

"Hilo ungeniambia mimi," nilimjibu. "Siku ile ile niliyokuletea habari. Tungekaa tukalia, tukalizungumza. Badala yake umelizika, ukanitaka mimi ndiye nisimame juu ya kaburi."

"Kwa hiyo unaniacha?"

"Sikuachi. Nakupenda, na hilo nalo liko palepale. Lakini nyumba hii siji tena kwa tiketi ya uongo. Kawaambie. Si mimi niwaambie, wewe. Ukishindwa, nitajua."

Nilipita sebuleni nikaaga. Shangazi alinipa mkono wa baridi. Mzee alisema, "Fika salama," na ndivyo alivyosema, si zaidi, si pungufu.

*

Jumatatu nilikuwa maabara kabla ya mtu yeyote.

Chuo chetu ni cha umma, na vifaa tunavyo, ila vingine vimenizidi umri na vinataka heshima ya wazee. Chombo chetu cha ombwe ni kama sufuria kubwa ya chuma yenye kifuniko na kidirisha kimoja. Unaweka ndani vile vipande vya kioo, unafunga, pampu inafyonza hewa yote mpaka ndani panabaki patupu kabisa. Kisha unapasha moto kipande cha madini mpaka kinageuka mvuke, na mvuke unatua juu ya kioo kama umande, tabaka kwa tabaka. Ukikosea kidogo, ukaacha alama ya kidole au vumbi, utando unachubuka na kazi ya wiki inakwenda na maji.

Hapa naweza kuutengeneza utando. Ninachoshindwa ni kuona mwanga unapoingia ndani yake unapotelea wapi, maana mashine ya kupima hilo nchini kwetu haipo. Bila jibu hilo shahada yangu ni nusu shahada. Hayo ndiyo yanayonipeleka ng'ambo. Sifuati theluji.

Nilikuwa nikisugua kioo kwa asetoni, ile dawa ya kuondoa mafuta, glavu mikononi, ndipo machozi yakaanza. Msimamizi wangu aliingia akanikuta. Ni mama mtu mzima, mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na wanafunzi tunamwogopa kama umeme.

"Kama ni kulia, kalie korido," alisema. "Chumvi na utando havipatani."

Nikatoka. Baada ya kitambo akanifuata, akanipa karatasi laini za kufutia lenzi.

"Jifute na hizi. Zinapatikana kwa shida, kwa hiyo lia kwa kiasi." Akasimama pembeni yangu, akitazama uani. "Ni mtu au ni data?"

"Ni mtu, Profesa."

"Afadhali. Data ikikukataa, imekukataa. Mtu hubadilika." Akageuka kurudi ndani. "Pampu imewaka, usiache ikungoje sana."

Mchana mama yangu alipiga simu. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Za namna hiyo hazihitaji nauli.

"Mwanangu, si ungenyamaza tu," alisema. "Ukaolewa kwanza, halafu ukasema polepole."

"Ndivyo ulivyonifundisha, Mama?"

"Sikukufundisha. Ndivyo nilivyofanya mimi."

Nilingoja. Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake redio ikizungumza na chumba kitupu.

"Nilikuwa nataka kusomea ukunga," alisema. "Sikumwambia baba yako. Nilisema nitamwambia tukishazoeana. Tukazoeana, nikaona nitamuudhi. Leo tuna wajukuu, na yule mwanaume hajui kwamba mkewe aliwahi kutaka kitu."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia jambo hilo.

"Mama."

"Usinililie, nina chungu jikoni. Nenda safari yako. Huyo kijana akiwa wako, atapatikana. Akiwa si wako, hata ukikaa umemshika mkono hayupo."

Ilifika katikati ya juma bila neno la Fundi. Simu nilikuwa naitazama kama mgonjwa anavyotazama mlango wa daktari, kisha naigeuza kifudifudi, narudi kwenye kazi. Nilijiambia: kama hatasema, nitaondoka na maumivu yangu, lakini nitaondoka. Watu wamesafiri na mizigo mizito kuliko huo.

Siku iliyofuata mtu aligonga mlango wa maabara. Nilifungua, moyo umeshanitangulia. Hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake mkubwa, amesimama na kifurushi kilichofungwa kwa magazeti.

"Vioo vyako," alisema. "Vile ulivyoagiza. Amekata mwenyewe, ameona haya kuvileta."

"Ahsante, Kaka."

Hakuondoka. Alitazama juu ya bega langu, kule kulikokuwa kukivuma pampu.

"Ningependa kuona," alisema. "Kama hairuhusiwi, basi."

Nilimpa koti jeupe na mifuko ya kuvalia juu ya viatu. Koti lilimbana mabegani, na kwa jinsi alivyolivaa kwa adabu, vifungo vyote mpaka cha shingoni, nilitaka kucheka na kulia. Nilimwonyesha kila kitu. Nilimweleza habari za ombwe, akauliza hewa iliyotoka imekwenda wapi. Nilimweleza habari za mvuke, akauliza utajuaje umetosha. Madini yalipoanza kuwaka nikamwambia achungulie kidirishani, na rangi ya chungwa ikamwangaza uso. Alichungulia muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mke wangu alisomea udongo," alisema, bado ameinama. "Aliniambia udongo. Mpaka leo sijui ni udongo gani, wala alikuwa anautafutia nini."

"Hukuwahi kumuuliza?"

"Nilikuwa namuuliza atarudi lini. Kila simu. Hata salamu ilikuwa haijaisha. Utarudi lini, utarudi lini. Akiniambia leo nimefurahi, kazi imefanikiwa, namwambia vizuri, utarudi lini?" Akainua kichwa. "Sisemi kwamba ndiyo sababu. Labda hata ningemuuliza habari za udongo wake, asingerudi vilevile. Lakini nimekaa miaka na hasira, na Jumapili uliposema lile neno lako, ilinijia kwamba hata nikimlaumu, namlaumu mtu nisiyemjua."

Pampu ilivuma. Nilipunguza moto kidogo, maana kazi haikuwa imesimama kwa ajili yetu.

"Fundi amewaambia?" niliuliza.

"Amesema jana. Mbele ya Baba na Shangazi. Alisema wewe hukujua, uongo ulikuwa wake, na kwamba hutaacha masomo na yeye hataki uache. Alisema atakusubiri."

Nilishika ukingo wa meza. "Na Baba?"

"Baba amesema hajakubali. Halafu akaenda kulala na jua bado liko juu." Alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Usiende kumwomba Baba. Ukimwomba atakunyima, ndivyo alivyoumbwa. Nenda kamwambie, shemeji."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Alilitamka haraka, akanirudishia koti, akaondoka bila kunipa nafasi ya kujibu.

*

Jumamosi nilikwenda dukani.

Fundi alikuwa anafagia vipande mbele ya mlango. Aliponiona aliacha fagio, na safari hii macho yake hayakwenda chini. Yalikuwa yamechoka, yamezungukwa na weusi wa kukosa usingizi, lakini yalinitazama.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa. Lakini umefika." Nilitaka kumgusa shavu, pale penye vumbi la kioo, nikakumbuka ni barabarani. "Baba yuko?"

"Yuko ndani. Nikutangulie?"

"Twende pamoja."

Mzee alikuwa ameinamia kioo kikubwa mezani. Kaka mkubwa alikuwa amekishika upande wa pili. Tulimwamkia, Mzee akaitikia, kisha akapitisha kikata kioo kutoka ukingo hadi ukingo, sauti nyembamba ya kukwaruza, akagonga mara moja, na kioo kikaachana sawasawa. Ndipo akanitazama.

"Umekuja kuniomba radhi au ruhusa?"

"Sikuja kuomba, Baba. Nimekuja kukuambia, ili safari hii uyasikie kinywani mwangu."

Kaka mkubwa aliangalia kando.

"Sema."

"Nitaondoka mvua zikiisha. Nitakaa mwaka. Nitafanya vipimo, nitarudi, nitaandika, nitahitimu. Mwanao nampenda, nataka kuishi naye. Ukitaka tuoane kabla ya safari, niko tayari. Ukitaka nirudi kwanza, niko tayari. Usiponitaka kabisa itaniuma, lakini nitasafiri vilevile."

"Hata yule alisema atarudi," Mzee alisema. "Hapo hapo uliposimama. Nikampa na baraka zangu."

"Najua, Baba. Ndiyo maana sikuapii. Kiapo alishakupa yeye, hakikukusaidia."

Nyusi zake zilipanda kidogo. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kiapo.

"Sasa unanipa nini?"

"Nataka kukuuliza kwanza. Nisamehe kama ni kukosa adabu. Simu zake zilipoisha, nani alimfuata?"

Fundi alinishika kiwiko, si kwa kunizuia. Mzee aliweka kikata kioo mezani.

"Anayeondoka ndiye hurudi," alisema. "Hafuatwi."

"Hakuna aliyemfuata," Kaka mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetaja kipimo cha dirisha. "Hata mimi. Nilikaa nikangoja aje kuniomba msamaha."

"Mimi nikinyamaza," nilisema, "msikae. Huenda nitakuwa nimechoka, nimeumwa, nimeshindwa na kazi nikaona haya kusema. Au nitakuwa nimekosea kweli. Msinifungie mlango, mje mniulize. Hicho ndicho ninachokitaka kwa familia hii. Si ruhusa."

"Nitakufuata," Fundi alisema.

Hakuninong'oneza. Alisema kwa sauti, mbele ya baba yake, na nilimhisi akisogea mpaka bega lake likagusa langu.

"Baba, ukikubali nitamngoja, na usipokubali nitamngoja. Akinyamaza nitamfuata huko huko. Nilidanganya kwa sababu niliogopa, na bado naogopa. Lakini ni afadhali niogope naye kuliko niogope peke yangu."

Mzee alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, kisha akakitazama kile kioo alichokikata kana kwamba kina la kusema.

"Maneno hayalipiwi ushuru," alisema. "Una pasipoti?"

Fundi alipepesa macho. "Sina, Baba."

"Utamfuata na nini? Na leseni ya pikipiki?"

"Nitai—"

"Jumatatu usifungue duka. Nenda kaombe pasipoti. Shangazi yako atakutafutia cheti cha kuzaliwa, anajua kilipo. Mtu anayesema atafuata awe ameshajiandaa kufuata." Alinigeukia. "Ndoa tutazungumza na wazazi wako. Sijasema ndiyo."

"Nimesikia, Baba."

"Sijasema hapana pia."

"Hilo nalo nimelisikia."

Nilihisi vidole vya Fundi vikitafuta vyangu chini ya meza, vikavipata. Mikono yetu yote miwili ilikuwa ya baridi. Nilikuwa nadhani tumemaliza, nikawa naanza kuaga, ndipo Kaka mkubwa akaachia upande wake wa kioo na kujifuta mikono kwenye suruali.

"Na mimi Jumatatu sitakuwepo, Baba," alisema. "Nakwenda naye. Nataka na mimi niombe yangu, na ya mtoto."

Mzee hakuuliza ni ya kwenda wapi. Alisimama pale, mikono yake ile yenye makovu imekamata ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee kweli, mtu aliyeishi na wavulana wawili akakosa kujua wote wawili wanaogopa nini.

"Nendeni," alisema. "Vioo nitauza mwenyewe."